Sura ya Tisa: Nguzo Isiyovuta Pumzi

Inspekta Pauline Cherop alikuwa ameshika uzi wa fundi kwenye mguu wa nguzo. Juu ya ngazi, shingoni mwa nguzo hiyo hiyo, Koplo Wekoye alikuwa ameshika ncha ya pili, na ngazi ililia kila alipopumua.

"Vuta," Cherop akasema.

"Nimevuta, madam. Nikivuta zaidi nitakuja nao huko chini, na hapo utapata maiti ya pili."

Kila mmoja alikuwa ameweka kiberiti chini ya uzi, upande wake, ili uzi usiguse plasta. Cherop akachukua kiberiti cha tatu, akakipitisha kati ya uzi na nguzo, akakipandisha taratibu. Kikaenda vizuri mwanzoni. Kilipofika katikati kikakwama.

"Hii pia ina tumbo," akasema.

"Kama ya kwanza na ya pili."

"Shuka. Twende ya nne."

Kwenye nguzo ya nne, ile ya mwisho upande wa jikoni, kiberiti kilipanda kutoka mguuni hadi shingoni bila kukwama popote. Cherop akarudia. Kikateleza tena. Akarudi nyuma hadi karibu na lango, akazitazama zote kwa pamoja, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumwanga. Zile tatu zenye matumbo zilionekana zimenyooka kama askari wa gwaride. Ile moja ambayo uzi ulisema imenyooka, ndiyo iliyoonekana imekonda kiunoni, kama mtu aliyekaza mkanda kwa njaa.

Akasugua macho. Akatazama tena. Hakuna kilichobadilika.

Nyumba ile ilikuwa ya Mzee Joginder, nje kidogo ya mji wa Kitale, nyumba ya zamani yenye veranda pana na nguzo nne za mviringo mbele, zote zimepakwa rangi nyeupe mpya. Cherop hakuwa amekuja kusifu nguzo. Alikuwa amekuja kwa sababu ya maiti.

Mfanyabiashara aitwaye Uday, mwenye duka la mabati na misumari mjini Bungoma, alikuwa ameokotwa amekufa kando ya barabara karibu na Misikhu, kifua kimepondeka. Maiti ilipelekwa hospitali ya misheni ya Lugulu, na daktari aliyemkagua akamwambia Cherop jambo moja la ajabu: ndani ya vidonda na kwenye shati mlikuwa na chembe za chokaa ya kujengea, zenye nyuzi za mkonge, na unga wa tofali. Bosi wake Cherop aliposikia chokaa akapiga meza. Chokaa ni fundi! Na fundi alikuwepo tayari: Wakoli wa Matisi, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa akitengeneza sakafu ya jikoni kwa Joginder. Eliakim, msimamizi wa nyumba, aliandikisha kwamba Uday alikuja kumtafuta mzee, akamkosa, kisha akaondoka na Wakoli ndani ya pikapu yake. Pikapu ilikutwa imetelekezwa mbele kidogo ya Misikhu. Simu ya Uday ilikutwa ndani ya mfuko wa kazi wa Wakoli, chini ya mwiko na pimamaji.

Kesho asubuhi Wakoli angesomewa shitaka la mauaji. Shitaka hilo halikuwa la kupata dhamana kirahisi. Mtu angeingia rumande kijana akatoka na mvi, kama angetoka.

Lakini chokaa ilimsumbua Cherop. Mafundi wa Kitale wanajenga kwa simiti na mchanga. Chokaa ya kukandwa kwa mkono, yenye nyuzi za mkonge ndani, haikuwa imeonekana kwenye mfuko wa fundi tangu zama za walowezi. Aliitafuta siku kadhaa mpaka akaipata hapa, kwenye nguzo za Joginder. Kama Uday alipondwa kwenye chokaa ya zamani, basi alipondwa hapa, na Eliakim alikuwa amesema uongo. Taabu ni kwamba nguzo zote nne zilikuwa zimesimama, nzima, zinang'aa.

"Mzee," akamwambia Joginder, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mianzi, kilemba cha buluu kichwani na miwani mieusi usoni, "kuna nguzo zimeongezwa plasta katikati. Naomba nikwaruze moja tu."

"Kwaruza moja," mzee akasema. "Moja tu, Inspekta. Hizo nguzo ni za baba yangu."

Cherop alichagua ya tatu, iliyokuwa na tumbo kubwa kuliko zote. Wekoye akaichimba kwa patasi pale katikati. Rangi nyeupe ikatoka, ikafuata rangi ya zamani ya manjano, nyingine chini yake ya kijani, halafu chokaa ngumu kama mfupa, yenye nyuzi za mkonge zilizogeuka kahawia. Ilikuwa kazi ya zamani mpaka ndani kwenye tofali. Hakuna mtu aliyeongeza chochote pale.

Eliakim alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Alikuwa mtu mpole, mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni. "Pole, madam," akasema. "Nyumba ya zamani huwa na mambo yake. Sukari ngapi?"

"Hapana, asante."

Joginder akainuka, akapapasa kidonda cha nguzo kwa kidole, uso ukamwiva. "Umeona? Sasa umeona nini? Umekwaruza nguzo ya baba, umepata nguzo ya baba! Ukitaka ya pili, lete karatasi ya korti."

"Mzee, nisamehe. Swali moja. Hii ya mwisho, unaiona vipi?"

Joginder akavua miwani. Alikuwa amerudi kutoka Nairobi siku chache zilizopita, ambako alifanyiwa upasuaji wa macho. "Hiyo usiniulize. Tangu nirudi naiona imekonda. Daktari alisema ukungu umekwisha, lakini naona ameniharibu. Nimenunua macho mapya, yananionyesha vitu havipo."

"Mimi pia naiona imekonda."

"Basi na wewe nenda kwa daktari," mzee akasema. "Na kama unataka kujua nguzo zilijengwa vipi, nenda Bungoma kwa Gurdip, mchora ramani. Baba yake ndiye mistri, fundi mkuu, aliyezijenga. Hapa kwangu, kwaheri."

Lango likafungwa nyuma yao kwa kishindo.

*

Seli ilinuka dawa ya kuosha sakafu. Wakoli aliletwa kwenye chumba kidogo, viatu havina kamba, akaketi na kuweka mikono mezani kama mtu aliyezoea kuamriwa aionyeshe.

"Mfuko wako wa kazi," Cherop akasema. "Niambie tena."

"Madam, nimesema mpaka mate yameisha. Nilimaliza sakafu, nikaacha mfuko pale kwa sababu kesho yake nilikuwa nirudi kulainisha. Nikaenda kwangu Matisi kwa miguu. Jioni Eliakim akaniletea mfuko, akasema kazi imesimama, mzee hayuko. Sikuufungua. Nani hufungua mfuko kutafuta simu ya mtu?"

"Uday ulimwona?"

"Nilimwona akiingia. Tukasalimiana. Sikumwona akitoka."

"Siku hiyo, nguzo za veranda zilikuwa vipi?"

Wakoli akamtazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezi. "Nguzo? Si zilikuwa zimesimama tu."

"Zote nne?"

"Kama moja ilikuwa imeketi ningeona, madam."

Wekoye akacheka, akajikohoza. Cherop akaendelea. "Nani Kitale anaweza kujenga nguzo ya mviringo kama zile?"

"Si mimi. Ya mviringo ni kazi ya mtu mmoja, Mukhisa wa Tuwan. Ndiye aliyenifundisha kazi, lakini alinifukuza kabla hatujafika kwenye mviringo. Alisema mkono wangu unalegea." Akainama. "Madam, mke wangu Jentrix yuko hapo nje?"

"Yuko."

"Mwambie asiuze ng'ombe kwa ajili ya wakili. Akiuza, watoto watakunywa nini?"

Cherop hakuahidi. Aliondoka na funguo za Landrover mkononi, akampita Jentrix aliyekuwa amesimama kando ya ukuta wa kituo.

*

Ofisi ya Gurdip, Bungoma, ilikuwa ghorofani juu ya duka la vitambaa. Mzee mwenyewe alikuwa mnene, mchangamfu, ndevu nyeupe zimefungwa kwa wavu, na alikuwa mtu wa kujibu maswali matatu kabla hujamaliza moja.

"Keti, beti, binti yangu, keti. Nguzo za Joginder! Baba alijenga nyingine kama hizo? Hakujenga. Unataka jalebi? Koplo anataka, naona macho yake."

"Nimezipima," Cherop akasema. "Tatu zina tumbo katikati, lakini jicho linaziona zimenyooka. Moja imenyooka, lakini jicho linaiona imekonda. Sielewi."

Gurdip akapiga makofi kwa furaha. "Entasisi!"

"Nini?"

"Entasisi. Ndilo jina la hilo tumbo. Neno la Wagiriki wa kale, Warumi wakalikopa, Wazungu wakalichukua, baba akalikuta kwenye kitabu cha mkoloni aliyejengewa ile nyumba kabla baba yake Joginder hajainunua. Maana yake si tumbo, lakini. Maana yake kuvuta kitu mpaka kikaze. Kama uzi wa upinde. Kama msuli."

"Uzi ukikazwa hunyooka," Cherop akasema. "Hautoi tumbo."

"Umeona? Hapo ndipo wasomi wanapopigania!" Akachukua kalamu, akachora mistari miwili kwenye gazeti. "Kundi moja linasema hivi: nguzo ndefu inayopungua kwenda juu, ukiijenga imenyooka kabisa, jicho hukosea, huiona imebonyea katikati. Kwa hiyo mjenzi anaipa unene kidogo, kidogo sana, ili kulidanganya jicho linalodanganya. Uongo unafuta uongo."

"Sawa. Hapo nimeelewa."

"Usielewe bado. Kundi la pili linasema, hapana, si mambo ya jicho. Nguzo imebeba paa. Kitu kilichobeba mzigo lazima kionekane kimekaza. Umeona wapagazi wa magunia ya mahindi pale Kitale? Mtu akiwekewa gunia mgongoni anafanya nini kwanza?"

"Anavuta pumzi," Wekoye akasema, jalebi mdomoni.

"Kifua kinajaa! Baba yangu hakulitumia neno la Kigiriki. Kwa Kipunjabi aliita pumzi. Alisema nguzo isiyovuta pumzi imekufa, hata kama imesimama."

"Na kundi lipi lina haki?"

"Hakuna ajuaye. Wale waliozijenga za kwanza hawakuacha maelezo, waliacha nguzo tu. Labda yote mawili. Labda hakuna hata moja. Mimi mwenyewe Jumatatu naamini la kwanza, Jumanne la pili."

Cherop akakandamiza vidole kwenye paji la uso. Alikuja na fumbo moja, sasa alikuwa na matatu. Akaanza upya, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. "Mzee Gurdip. Haya matumbo matatu. Baba yako aliyaweka kwa makusudi?"

"Kwa makusudi na kwa jasho. Alikuwa na ubao aliouchonga upinde, anauzungusha kwenye plasta mbichi."

"Nguzo zote nne?"

"Zote nne. Mtu hawezi kupumulia mapafu matatu, moja akaliacha."

"Lakini ya nne haina."

Gurdip akaacha kutabasamu. Kalamu ikabaki hewani. "Haina hata kidogo?"

"Nimepitisha kiberiti mara mbili. Imenyooka kama rula."

"Basi hiyo, beti," Gurdip akasema taratibu, "si ya baba."

Cherop akaketi akiitazama ile mistari miwili kwenye gazeti. Asubuhi nzima alikuwa amewinda nguzo zenye tumbo kwa sababu uzi ulisema zimepinda. Alikuwa ameiacha ile iliyonyooka kwa sababu uzi uliisifu. Mzee Joginder, na macho yake mapya, alikuwa ameona sawasawa, akamlaumu daktari. Nguzo ya nne ilikuwa imeanguka, au imeangushwa, ikajengwa upya, halafu zote nne zikapakwa rangi ili mpya isijulikane.

Aliteremka ngazi mbili mbili na kumpigia simu bosi wake. Alieleza kwa haraka. Sauti ya upande wa pili ikaja, nzito.

"Inspekta, unaniambia niachilie mshukiwa wa mauaji kwa sababu ya Wagiriki?"

"Naomba amri ya kuivunja nguzo, bwana."

"Kesho asubuhi korti ndiyo inafungua, na jambo la kwanza ni Wakoli. Nguzo haiapishwi, Cherop. Niletee mtu."

*

Mukhisa wa Tuwan walimkuta nyuma ya kanisa moja dogo, akipanga tofali. Alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, kofia ya sufi kichwani na jua linawaka. Kila tofali alilolaza alilipiga kwa mpini wa mwiko, akaliangalia kwa jicho moja, akaguna kwa kuridhika.

Kabla hawajashuka, Wekoye alimshika Cherop mkono. "Madam, huyu hatasema. Mimi ni wa huku, nawajua. Yeye na Eliakim ni bakoki."

"Maana yake?"

"Walitahiriwa msimu mmoja. Kisu kimoja, asubuhi moja. Mtu hamtoi bakoki wake, hata ukimning'iniza. Ukimtaja Eliakim, huyo anafunga mdomo kama kaburi."

"Basi hatutamtaja Eliakim," Cherop akasema, akafungua mlango.

Alimsalimia fundi kwa heshima, akamwambia kuna nguzo imekwaruzwa kwa Mzee Joginder, ya mviringo, na hakuna mwingine mjini wa kuiziba.

Mwiko ukasimama hewani. "Sijawahi kufanya kazi kwa huyo mzee," Mukhisa akasema.

"Sikusema uliwahi. Ni mkwaruzo mdogo tu. Utapata chai."

Mtu aliyekataa kabla ya kuulizwa! Cherop hakuonyesha kitu. Mukhisa alijikuna shingo, akaangalia tofali zake, akaangalia Landrover. Kukataa kazi ya kuziba shimo dogo kungeonekana ajabu kuliko kuikubali. Akaosha mwiko.

Njiani Cherop alizungumza na Wekoye tu, kwa sauti ya mtu anayepiga soga. "Lakini ile nguzo ya mwisho, koplo, inaniudhi. Imekonda kiunoni."

Wekoye alikuwa mpole lakini si mjinga. "Imekonda kabisa, madam. Fundi wake nadhani alikuwa amekunywa busaa."

"Au alikuwa mwanafunzi."

"Mwanafunzi wa wiki ya kwanza!"

Kiti cha nyuma kililia. Hakuna aliyegeuka.

Joginder aliwafungulia lango mwenyewe aliposikia fundi ameletwa. Jua lilikuwa limeelekea magharibi na kivuli cha kila nguzo kililala sakafuni. Eliakim alitoka jikoni akipangusa mikono. Alipomwona Mukhisa, mikono ikasimama ndani ya kitambaa.

"Shimo ni hili," Joginder akasema, akionyesha nguzo ya tatu.

"Na ukimaliza hapo, fundi," Cherop akasema, "utuambie kama hii ya mwisho inaweza kusaidiwa. Ona ilivyokonda. Aibu mbele ya nyumba nzuri kama hii."

"Hata mimi naiona," Joginder akasema. "Nilidhani ni macho."

"Si macho, mzee. Ni kazi mbovu."

"Nani kasema mbovu?" Mukhisa akauliza.

"Kila mtu. Simama hapa langoni uone mwenyewe. Imebonyea."

Mukhisa hakwenda langoni. Alitupa mfuko chini, akachomoa uzi, akachomoa vipande viwili vya mbao vilivyolingana, akapanda kwenye ukingo wa veranda kama paka. "Koplo, shika hapa! Shika vizuri!" Akakaza uzi, akapitisha kipande cha tatu juu chini, juu chini, kikateleza kama kisu kwenye mafuta. "Imebonyea wapi? Nionyeshe! Wewe afande, njoo na macho yako ya ofisi unionyeshe!" Akaruka hadi nguzo ya tatu, akaipima, mbao ikakwama. Akaenda ya pili, ikakwama. "Hizi ndizo mbovu! Hizi zina vitambi kama wakubwa wa serikali! Tatu zimepinda, moja imesimama, na hiyo moja ndiyo mnaitukana? Nguzo yangu ukiiwekea timazi haikosei hata unene wa unywele!"

Aliposema "yangu" alikuwa bado amenyoosha kidole. Kidole kikabaki pale.

"Nguzo hiyo," Joginder akasema kwa mshangao, "ilijengwa na baba yake Gurdip kabla sijazaliwa."

Mzee akaivua miwani, akamtazama fundi, akamtazama Eliakim, akaitazama nguzo. Alionekana kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ya jirani.

"Fundi," Cherop akasema, sasa kwa upole, "sikuulizi nani alikupa kazi. Nakuuliza kazi tu. Uliikutaje?"

Mukhisa aliteremka, akaketi ukingoni mwa veranda. "Ilikuwa imevunjika katikati. Niliambiwa ng'ombe wa jirani wamefukuzana, wameiangusha, mzee akirudi atamfuta mtu kazi. Nikaambiwa ni siri. Nikajenga."

"Ng'ombe wanavunja nguzo?"

"Nilisema moyoni, hao ni ng'ombe gani. Lakini mtu akikuomba..." Akamtupia Eliakim jicho, akaliondoa haraka. "Kitu kimoja ndicho kilinisumbua. Zile tofali zilizoanguka zilikuwa zimeoshwa. Kila moja, imesuguliwa safi, zimepangwa zikauke. Nikajiuliza, mtu anaosha tofali za kutupa kwa nini?"

"Ziko wapi?"

"Nyuma ya zizi. Kuna shimo. Nilizifukia mwenyewe."

Eliakim alikuwa amerudi hatua mbili kuelekea jikoni. Wekoye, pamoja na unene wake wote, alikuwa tayari amesimama kwenye mlango huo.

"Breki ilikataa," Eliakim akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Pikapu ya Uday. Aliniachia niigeuze, yeye akasimama pale kwenye nguzo ananielekeza. Breki ilikataa, madam. Mungu ni shahidi."

"Breki ilikataa," Cherop akarudia. "Sawa. Na maiti ilijiendesha hadi Misikhu? Na ile simu, ilitembea yenyewe mpaka kwenye mfuko wa Wakoli?"

Eliakim akakunja kitambaa chake cha jikoni. Kama ilikuwa ajali au ilikuwa kusudi, uso wake haukusema, na Cherop aliutafuta kwa muda mrefu bila kupata jibu. Lakini uongo mmoja ulikuwa umeanguka, na ulitosha kwa siku hiyo. Akampa Wekoye pingu.

Joginder alikuwa bado anaipapasa nguzo ya nne, juu chini. "Kwa hiyo macho yangu ni mazima," akasema, na hakuonekana kufurahi.

*

Tofali zilifukuliwa kabla jua halijazama: chokaa ile ile ya zamani, nyuzi za mkonge, zimesuguliwa safi isipokuwa nyufa ambazo brashi haikuzifikia. Cherop alizifunga kwa ajili ya daktari wa Lugulu, akampigia bosi wake. Safari hii bosi hakuwataja Wagiriki. Alisema, "Huyo fundi ataapa?"

"Ataapa, bwana."

"Basi mtoe Wakoli."

Mukhisa hakuwa ameondoka veranda. Alipoona pingu zikifungwa aligeuza uso ukutani. Cherop akamsogelea.

"Twende nikurudishe Tuwan."

"Umenifanya nimtoe mwenzangu wa kisu," Mukhisa akasema. "Nitakaa wapi na watu, afande? Msimu ujao wa kutahiri nitasimama na nani?"

"Kuna mwingine kesho angepelekwa rumande kwa kosa hili. Unamjua. Wakoli."

"Nilisikia ameshikwa. Nikasikia ni habari za barabarani, Misikhu huko." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ni hii? Ni hii nguzo?"

"Ni hii."

Mukhisa akainuka, akaokota mfuko wake, akaupangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Usinipeleke Tuwan," akasema. "Nipeleke kituoni."

Kituoni walisimama wote kwenye kaunta. Jentrix alikuwa ameitwa ndani, na hakuwa ameamini bado. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Mlango wa chuma ukalia. Wakoli akatoka akikunja macho, viatu vinampwaya, akamwona mke wake, kisha akamwona yule mtu mfupi mwenye kofia ya sufi amesimama kati ya askari wawili. Furaha ikamwisha usoni.

"Mwalimu," akasema. "Na wewe wamekushika?"

"Hapana," Mukhisa akasema. "Nimejishika mwenyewe."